Alikuwaga Mpiga Kinanda

Kamati ya Kuenzi Magwiji wa Kanda, kwa majonzi mazito na kifua kilichobanwa na tai, inautangazia umma wa Musoma, Bunda, Butiama na vitongoji vyake vyote kwamba Jumamosi saa nne kamili asubuhi itazindua Ukumbi wa Hayati Apolinary Masatu (1949–2003), mpiga kinanda wa jazi wa kwanza na wa mwisho katika nchi hii ya ziwa na pamba, mtu ambaye vidole vyake vilinena na ambaye sauti yake haitanyamaza milele na milele. Kinanda chake halisi kitakuwepo jukwaani. Familia ya marehemu inaombwa kuwahi. Soda ni kwa wenye kadi.

Hayati mwenyewe alisomewa tangazo hili Butiama, kwenye ngazi za nyumba ya binti yake Matrida, akiwa amenyoosha mguu mmoja. Mwingine aliuacha hospitali miaka mitatu iliyopita.

Matrida alisoma mpaka kwenye soda. Simu ya mzee ikaita kabla hajajua acheke au apige yowe. Alikuwa Twalib, fundi seremala wa Bunda, rafiki wa baba yake tangu enzi za suruali za bomba.

"Apo," alisema Twalib, "pole kwa msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wako."

"Nimekufa lini?"

"Elfu mbili na tatu, bwana. Umeoza siku nyingi, ndiyo maana unanuka."

"Na nani kaniua?"

Hapo Twalib alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyekalia yai. Ukweli ulikuwa kwamba aliyemuua ni yeye, tena kwa herufi mbili tu.

Mambo yalikuwa hivi. Kamati ilikuwa imemtuma Bwana Jabiri, katibu wake, akusanye historia ya mpiga kinanda. Bwana Jabiri kwao Pangani, Kiswahili chake kimepikwa kwa nazi, na alikuwa Mara kwa mwezi wa pili tu. Akafika Bunda kwenye banda la Twalib, akafungua daftari, akauliza kama anamfahamu Apolinary Masatu. Twalib, randa mkononi, akajibu kama mtu yeyote wa Bunda angejibu: "Huyo alikuwaga hapa Guta. Alikuwaga mpiga kinanda hatari sana." Kwa mtu wa Mara hiyo *ga* haina makosa na mtu, ni mkia tu wa kuonyesha kwamba jambo lilikuwa la kila siku. Lakini Bwana Jabiri alisikia kuaga. Akainamisha kichwa. "Aliaga lini?" akauliza kwa sauti ya msibani. "Alikuwaga hapa mpaka elfu mbili na tatu," akajibu Twalib, na randa ikaendelea. Katibu akaandika: *Aliaga dunia Guta, 2003*. Akapiga mstari chini, akatoa pole, akaenda kutafuta samaki.

Kwa hiyo Apolinary alikuwa ameishi miaka ishirini na kitu bila kibali.

"Nitawapigia sasa hivi," alisema Matrida. "Wajinga hawa! Watakuja hapa kukuomba radhi kwa magoti."

"Usipige," alisema baba yake.

"Baba!"

"Nimekwambia usipige. Soma tena hapo kwenye kinanda."

Matrida akasoma: kinanda chake halisi kitakuwepo jukwaani. Mzee akautazama mkono wake wa kulia, ambao ulikuwa umelazwa juu ya paja kama mgonjwa kwenye machela. Kidole cha kati, cha pete na cha mwisho vilikuwa vimebadilika rangi, kuanzia kwenye kucha kushuka chini, vikawa kama maganda ya ndizi iliyosahaulika juu ya kabati. Sukari ilikula mguu kwanza, ikapumzika, sasa ilikuwa imerudi mezani. Daktari alikuwa amesema watakata Jumatatu: vidole vitatu, na wakishafungua ndipo watakapoona kama kiganja kinafaa kubaki.

Tangazo lilisema Jumamosi.

"Nikifufuka leo," alisema Apolinary, "wataahirisha. Wataunda kamati ndogo ya kuchunguza ufufuko. Itakaa vikao. Jumatatu itafika. Hapana. Acha niendelee kufa mpaka nikifikie kinanda." Jioni alimpigia Twalib kumuuliza kama kweli kitakuwepo, akaambiwa kitakuwepo, akacheka.

---

Mtu huyu alizaliwa Suguti, kwenye nyumba yenye ng'ombe wengi na maneno machache. Baba yake alitaka awe mchungaji wa ng'ombe. Padri alitaka awe mchungaji wa watu. Yeye akawahi kinanda cha kanisani, kile cha kukanyaga kwa miguu kinachohema kama mwenye pumu. Akiwa na miaka kumi na mitano alikuwa anapiga misa nzima. Akiwa na kumi na saba alifukuzwa, kwa sababu jioni alikuwa anaegesha sikio kwenye redio ya mbao ya mwalimu mkuu, iliyokuwa ikikamata masafa mafupi ya Wamarekani weusi, na asubuhi aliyoyasikia yalikuwa yanajipenyeza kwenye nyimbo za kwaresma. "Mwanangu," padri alimwambia, "Bwana Yesu anateswa, na wewe unamchezesha."

Akaenda Musoma. Huko mzungu mmoja wa pamba alikuwa ameondoka kwa haraka baada ya Uhuru, akaacha mbwa wawili na piano. Mbwa walipata wenyewe siku hiyohiyo. Piano ilikaa kwenye klabu tupu mwaka mzima, mama mmoja akianikia juu yake dagaa, mpaka Apolinary alipoingia, akafagia dagaa kwa kiganja, akagusa. Harufu ile haikutoka tena. Wajuzi walisema hata noti zake za juu zilikuwa na magamba.

Siku zile kila bendi nchini ilijiita jazi. Ukiwa na magita mawili na ngoma moja, wewe ni jazi. Ukiwa na tarumbeta la wizi, wewe ni jazi kuu. Apolinary na mpiga ngoma Mashimba wakaanzisha ya kwao, Furu Jazz, kwa jina la wale samaki wadogo wenye miiba ambao kila mtu aliwala na hakuna aliyewasifu. Tofauti ni kwamba Apolinary alikuwa anapiga jazi kweli, na hilo ndilo lililomponza. Watu walikuja kucheza, wakasimama katikati ya ukumbi mguu mmoja juu, wakisubiri noti ambayo yeye aliamua kuipita.

"Anakosea huyo!" alipiga kelele mchuuzi mmoja wa Bunda. "Mwambieni arudie!"

Naye alirudia. Alirudia kosa lilelile mara tatu, kwa utaratibu, ili wajue ni la kukusudia. Mara ya nne ukumbi mzima ulikuwa unalicheza. "Kosa la mara moja ni aibu," alisemaga Apolinary. "La mara nne ni wimbo."

Gita unalibeba mgongoni. Piano walikuwa wanaibeba wapakiaji sita wa marobota ya pamba, kwa matusi, kwenye lori la kiwanda, Musoma mpaka Bunda, Bunda mpaka Bugwema, msimu wote wa mavuno. Watu wawili walipoteza kucha za miguu kwa ajili ya sanaa, na hakuna ukumbi wenye majina yao. Gloria, aliyeolewa naye mwaka wa pili, alimwita piano mke mwenzake. "Yule wako mwenye meno themanini na nane," alikuwa anasema. "Nenda kamswakie, mimi nitalala."

Kisha mambo yakaanza kufa kwa zamu. Lori likachukuliwa kwenda vitani na halikurudi. Mashimba akapanda lori lingine, likapinduka kabla ya Bunda, ngoma ikabaki nzima. Ziwani sangara akawamaliza furu, na nchi kavu redio za kaseti zikaimaliza Furu Jazz, mwaka huohuo au unaofuata, hakuna aliyeandika. Gloria alizaa wanne. Alizika watatu, halafu akachoka, akawafuata. Akabaki Matrida.

Piano ilikuwa imekwama Bunda, kwenye ghala la kiwanda cha pamba, siku lori lilipochukuliwa. Apolinary akahamia Guta, jirani na Bunda, kuwa karibu nayo, kama mtu anayehamia karibu na gereza. Akalima mihogo. Kila Jumapili mchana mlinzi alimfungulia, akapiga saa mbili kati ya magunia, kwa panya na kwa Twalib. Twalib ndiye aliyekuwa daktari wa kinanda hicho: alikuwa hajawahi kuona kingine, akakitibu kwa akili ya kutengeneza vitanda. Kiwanda kikafungwa, ghala likaendelea kufunguliwa. Mwaka 2003 akaja mwenye ghala mpya, akaweka kufuli mpya na mlinzi asiyependa muziki. Apolinary akasimama nje Jumapili nne. Ya tano akafunga mzigo, akaenda kwa binti yake Butiama. Akaandika barua. Akajibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa, jibu ambalo nchini humu ni sawa na sala ya wafu.

Tangu hapo alipiga meza. Kila asubuhi, baada ya chai, vidole vyote kumi kwenye ukingo wa meza ya Matrida, mpaka mbao ikabonyea mahali pa noti anazozipenda. Na kila Krismasi, kwa miaka sita ya mwanzo, Twalib alimtumia furushi la nyama kavu ya porini limefungwa kwenye gazeti. "Wamenipa watu, imekufa kwenye mtego," alisema. "Kwangu mimi ni kibudu, siwezi kuila. Kula wewe kafiri." Apolinary alikula na kushukuru.

---

Jumamosi Matrida alimvalisha koti la bendi. Lilimpwaya kana kwamba kweli alikuwa amelifia ndani. Mkono mbaya aliufunga kitambaa cheupe.

Mlangoni alisimama dada mwenye orodha, kibandiko kifuani kimeandikwa Diana.

"Shikamoo baba. Mna kadi?"

"Marahaba. Sina."

"Wewe ni nani kwa marehemu?"

Apolinary aliwaza kidogo. Hakutaka kudanganya siku ya mazishi yake. "Tumezaliwa siku moja," alisema.

"Jamani, pacha!" Diana akaziba mdomo kwa mkono. Akambana utepe mweusi kifuani, akamtazama kwa huruma. "Pole sana baba. Lakini hamfanani."

Na kweli hawakufanana. Juu ya jukwaa lilining'inia bango kubwa kuliko mlango wa kanisa, na aliyekuwa anacheka humo alikuwa Mashimba mpiga ngoma. "Afadhali," Apolinary alimnong'oneza binti yake. "Huyo kafa kweli. Kwenye kifo wamepatia."

Kinanda kilikuwa chini ya bango. Kiling'aa. Kilikuwa na kitambaa chekundu shingoni na stuli yake ileile mbele yake, ile yenye mguu mmoja wa mninga na mitatu ya mti usiojulikana, kazi ya Twalib. Apolinary alisimama juu ya magongo katikati ya viti vya plastiki. Matrida alimshika kiwiko. Mzee akakikwepesha.

Twalib alikuwa mstari wa mbele, kanzu imepigwa pasi, kadi ya soda mkononi.

"Umekipaka vanishi, fundi," alisema Apolinary akikaa kando yake.

"Mara tatu."

"Na ndani?"

Twalib aliigeuza kadi ya soda, akaisoma upande usio na maandishi. "Ndani... Apo, tutaongea."

"Ndani kuna nini?"

"Nimesema tutaongea. Kaa kimya, wewe ni maiti."

Hotuba zikaanza. Mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Renatus, mtu mwenye kitambi cha kusikiliza wengine, alisema Hayati alikuwa mwalimu wake wa maisha, ingawa alikuwa hajamwona. Bwana Jabiri alisoma wasifu. Ulikuwa wasifu mzuri. Apolinary alijifunza mengi. Alijifunza kwamba alipokuwa anakata roho Guta aliomba muziki usife. Matrida alikuwa anauma kona ya khanga. Vidole vitatu chini ya kitambaa havikuuma, na hilo ndilo lililomtisha Apolinary: vilikuwa vimeshaondoka, vilikuwa vinasubiri usafiri tu.

"Sasa familia itaweka shada juu ya kinanda," alitangaza mshereheshaji, "kisha tutasimama dakika moja ya ukimya."

Apolinary akainuka. Matrida akabeba shada, yeye akabeba magongo, wakapanda ngazi tatu kwa muda ambao ungetosha hotuba nyingine. Shada likawekwa. Ukumbi wote ukasimama, vichwa chini, mikono mbele. Matrida akageuka kushuka, akaona baba yake hageuki. Baba yake alikuwa amekaa kwenye stuli. Alikuwa anafungua kitambaa cheupe kwa meno.

Akafunua kifuniko. Meno yalikuwepo, ya njano, sita hayapo. Akaweka mikono. Akapiga.

*Tok.*

Akapiga tena, mkono wa kushoto, chini kabisa, pale ambapo zamani sakafu ilikuwa inatetemeka. *Tok. Tok tok.* Mlio wa mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Aliinua ubao wa juu, shada likaanguka. Ndani kulikuwa na chuma, kiota cha panya na mstari wa misumari. Hakukuwa na waya hata mmoja. Si mnene wala mwembamba, si hata ule wa chini uliovikwa shaba.

Twalib alikuwa ameshapanda jukwaani, amepiga magoti kana kwamba anaokota maua.

"Walichukua wategaji," alinong'ona. "Mwaka uleule uliohama. Mlinzi aliwafungulia. Hakuna waya inayokamata nyumbu kama ile, Apo. Haikatiki."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na nyama?"

Twalib aliokota ua moja, akaliokota tena. "Walikuwa wananiletea ninyamaze. Ningeila vipi mimi? Nikakupa wewe."

Apolinary alihesabu. Krismasi sita. Alikumbuka jinsi Matrida alivyoiunga kwa karanga. Alikuwa ameila oktava ya chini yote, na mchuzi akaumalizia kwa ugali.

"Na juzi kwenye simu? Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kama kitakuwepo, ukacheka," alisema Twalib. "Sijakusikia ukicheka tangu mguu. Na wale kamati niliwaambia. Niliwaambia hakina kitu ndani. Wakasema kitapigwa na nani, mwenyewe si amekufa?"

Chini, watu walikuwa bado wamesimama. Dakika ilikuwa imekwisha, lakini mshereheshaji alikuwa hathubutu kumkatiza pacha wa marehemu, na kila mtu alikuwa anamchungulia mwenzake kwa chini ya nyusi aone nani atakaa kwanza.

Ilikuwa Jumamosi. Kulikuwa na Jumapili katikati, halafu basi.

Apolinary akarudisha mikono, akapiga. Alipiga wimbo mzima, ule ambao Bunda walisema anakosea, na akakosea palepale, mara nne, kwa utaratibu. Isidhaniwe kwamba alikuwa anausikia kichwani. Alikuwa anasikia tok. Kidole cha pete kilipasuka kwenye noti ya juu, kikaacha kwenye jino la njano alama nyeusi isiyo na haraka, naye hakuhisi, akajua tu kwa kuona. Matrida, ambaye alikuwa ameusikia wimbo huo kwenye meza yake kila asubuhi kwa miaka ishirini na kitu, alikuwa anaufuata kwa kidevu.

Kisha akamaliza, akafunika.

Mshereheshaji akajikwamua. "Mzee wetu, asante sana. Kwa faida ya wageni, utuambie jina lako."

"Apolinary Masatu."

"Hilo ni la marehemu. Lako wewe."

"Ndilo hilo."

Bwana Jabiri alifungua daftari, akafunga, akafungua. Minong'ono ikapanda kama nyuki. Mama mmoja nyuma akapiga kigelegele, mwingine akakimbilia mlangoni. Mheshimiwa Renatus alisimama kama mtu aliyekalia sindano, akaiona hatari, na papo hapo akaiona bahati. Akachukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu! Hakuna bahati mbaya katika utamaduni! Kamati yangu, kwa makusudi kabisa, iliwaandalia mshangao huu! Tulisema nini kwenye tangazo? Tulisema sauti yake haitanyamaza milele! Na leo, kwa masikio yetu wenyewe, tumeisikia! Mimi binafsi nimetokwa na machozi!" Alijifuta jicho kavu. Akapanda jukwaani, akapiga goti moja kwa ajili ya wapiga picha, akaelekeza kipaza sauti kwenye mdomo wa mzee. "Gwiji wetu, baba yetu, chemchemi yetu ya jazi. Ujumbe wako kwa vizazi vijavyo. Ulichotupigia hapa leo, kilikuwa kinatuambia nini?"

Apolinary alikuwa anajaribu kufunga kitambaa kwa mkono mmoja. Kikakataa. Akakiacha.

"Hakina nyaya," alisema.